Mke Wangu Mzito

Mwalimu alikuwa anacheka, na kila alipocheka mumewe alijiona kama mwizi aliyekaribishwa mezani na mwenye mali.

Kilichomchekesha ni jaketi la kuokolea. Meli ilikuwa bado imefungwa gatini, abiria wa safari ile fupi ya kitalii wameitwa sitahani kufundishwa namna ya kujiokoa, na Fundi alikuwa amelivaa lake nyuma mbele. Mikanda ilimning'inia mgongoni. Mhudumu mwenye filimbi alishampita akitikisa kichwa.

"Geuka nikufungue," Mwalimu alisema. "Mafriji yote hayo unayofungua na kufunga, jaketi ndilo limekushinda?"

"Friji halina mikanda."

"Na wewe leo huna kichwa. Mawazo yako yako wapi, baba?"

Mawazo yake yalikuwa nyumbani, kwenye kiti cha mama yake kilicho karibu na mlango wa jikoni. Lakini hakusema. Alisimama ameinua mikono kama mtoto anayevishwa sare, akamwacha mke wake amgeuze, amkaze mikanda, na amcheke mpaka mama mmoja wa makamo aliyesimama jirani naye akaambukizwa. Kilikuwa kile kicheko cha zamani, cha tumboni, ambacho Fundi alikipenda kabla hajamjua mwenye nacho kwa jina. Hakuwa amekisikia tangu mwaka jana, tangu ile mimba changa ilipotoka na Mwalimu akarudi chekechea wiki iliyofuata kufunga kamba za viatu vya watoto wa wenzake.

Mtu akimwona Fundi siku ile angesema, huyu sasa ndiye mume. Alibeba mikoba yote. Alimfungulia mkewe kila mlango, hata ile inayojifungua yenyewe. Angalieni sana wanaume wa namna hiyo, maana mwanamume mwenye hatia huwa mwema kupita kiasi.

Alichokifanya ni hiki.

Mama yake Fundi anaishi nao. Aliposikia habari za meli aliweka kikombe chini, akauliza, "Kupumzika? Mwanamke hana mtoto mgongoni, hana mtoto mkononi, amechokea nini?" Mwalimu alikuwa chumbani anapiga pasi, mlango uko wazi. Fundi akakimbilia kuyazima yale maneno kabla hayajafika huko.

"Mke wangu mzito sana siku hizi, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hata kutoka kitandani asubuhi ni kazi. Anahitaji kupumzika."

Alimaanisha mwili umemlemea na moyo umemlemea, basi. Lakini mama yake alishika neno moja tu.

"Mzito?"

"Mzito, Mama."

Mama akasimama. Goti linalomsumbua kila siku lilisahau kuuma. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akapiga vigelegele, akauchungulia mlango wa chumbani, kisha akamshika mwanawe masikio kama alivyokuwa akimshika utotoni. "Na mlikuwa mnanificha! Nendeni, mwanangu. Nendeni, bahari ina hewa safi. Wala sitamwambia kitu, nangoja aniambie mwenyewe."

Fundi alifungua mdomo. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "La, Mama, hukunielewa." Ni maneno machache, hayamalizi hata pumzi. Lakini hakuwa amemwona mama yake akifurahi vile tangu siku walipomzika baba. Na ruhusa aliyoihangaikia ilikuwa imeshatoka, tena kwa baraka. Akaufunga mdomo. Sijadanganya, alijiambia kwenye basi la kwenda bandarini, nimenyamaza tu. Na fundi wa mafriji ndiye wa kwanza kujua kwamba gesi ikivuja friji halipigi kelele. Linanguruma vilevile, na mwenye nalo anaendelea kupanga nyama ndani.

*

Jioni walikalishwa meza moja na yule mama wa makamo. Alikuwa karani wa posta aliyestaafu, na tangu astaafu alikuwa anapanda meli za kitalii kila anapopata nafasi, hata wahudumu wamempa jina la Bi Nanga. Mwalimu alimwamkia, naye aliitikia huku akimkagua Fundi kama kifurushi kisicho na anwani.

"Safari yenu ya kwanza?"

"Ya kwanza," Mwalimu alisema. "Tunaonekana?"

"Mumeo amebeba sahani nne. Baba, punguza. Chakula cha humu hakiishi, tumbo ndilo linaloisha. Siku ya kwanza kula kidogo ulizoee bahari. Haya, mabegi makubwa yamefika chumbani?"

"Bado."

"Na nguo za kulalia ziko humohumo?"

Mwalimu akamtazama mumewe, mumewe akatazama sahani zake nne.

"Ndilo kosa la kila mgeni," Bi Nanga akasema kwa furaha. "Mabegi makubwa mnayakabidhi gatini, yanasambazwa taratibu mpaka jioni. Mkononi unabaki na mkoba wako mdogo: dawa, chaja, nguo ya kubadilisha, na nguo ya kuogelea, maana bwawa linakuwa tupu saa hizo wenzako wakisubiri mabegi. Chumba chenu kiko wapi?"

"Chini, katikati," Fundi alijibu. "Hakina dirisha."

"Umefanya vizuri. Kisicho na dirisha hakisifiwi, lakini chini katikati ndiko meli inakoyumba kidogo. Walio juu mbele wanalipia kutapika. Mkishuka bandarini, rudini kwa saa ya meli, msifuate saa za nchi kavu. Meli haimsubiri mtu, nimeshaona watu wakiipungia mkono toka gatini na viatu wameshika mkononi. Na simu, zitieni hali ya ndege sasa hivi. Mtandao wa baharini utawanyonya damu bila nyinyi kujua."

Fundi alikuwa ameizima yake kabla sentensi haijaisha. Aliizima kabisa, akaitumbukiza mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yakashuka. Bahari imemfunga Mama mdomo, aliwaza. Papo hapo akaona haya kwa kumwaza mama yake hivyo.

"Na la mwisho, ambalo wakala aliyewauzia tiketi hawezi kuwaambia," Bi Nanga akainamia meza. "Msigombane chumbani. Kuta zile ni karatasi. Safari iliyopita niliteremka nikijua ndoa ya kulia na ndoa ya kushoto. Mkitaka kugombana, pandeni sitaha ya juu kabisa, upepo unachukua maneno."

"Sisi hatugombani," Mwalimu alisema, na chini ya meza akaushika mkono wa Fundi. "Mume wangu hajui hata kunidanganya. Akinificha kitu masikio yanakuwa mekundu."

Bi Nanga akayatazama masikio ya Fundi. Akajisogezea matunda.

*

Asubuhi bahari iliamka vibaya. Mwalimu alifika mezani ameshika kingo za viti, uso umempauka, akaketi na kufumba macho.

"Usifumbe," Bi Nanga akamwambia. "Ukifumba ndiyo unaongeza. Twende nje, tazama kule bahari inakokutana na mbingu, hapo pekee ndipo hapachezi. Tafuna biskuti kavu. Na hii hapa dawa yangu ya kichefuchefu." Alifungua mkoba, halafu akasita na vidonge mkononi. "Ngoja. Una mimba, mwanangu? Maana kama unayo, usimeze hii kabla hujamwuliza daktari wa meli."

"Hapana," Mwalimu alisema. "Sina."

Alilisema vile anavyowaambia watoto wa chekechea kwamba biskuti zimekwisha, kwa upole, akitabasamu, ili wasilie. Akameza kidonge. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, na lile "sina" lilimpiga mahali ambapo hata jaketi la kuokolea halifiki. Nyumbani, saa hiyohiyo, kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa amemjaza Mwalimu tumbo kwa maneno yake.

Walipobaki wawili kwenye ukingo alijikaza.

"Mwalimu, kuna jambo nataka nikwambie."

"Usiniambie jambo, nitatapika."

"Si refu."

"Basi litangoja nipone." Alimwegemea begani. "Unajua nini? Najisikia vibaya, lakini sijachoka. Nilikuwa nimesahau kwamba ni vitu viwili tofauti. Asante kwa kunileta, mume wangu. Najua Mama hakutaka. Najua ulinipigania."

Fundi angeweza kulisema pale. Mkewe alikuwa amemwegemea, hakuna mtu karibu. Badala yake alisema, "Nikuletee chai ya tangawizi?" akaondoka mbio kama mtu anayedaiwa.

Foleni ya chai ilikuwa ndefu. Aliporudi kikombe kimemwagika nusu, ukingoni hakuna mtu. Alimkuta Bi Nanga anafuma kwenye kiti cha kivuli.

"Amepata nafuu," Bi Nanga alisema. "Alikuwa anataka kumtumia mkwewe picha yako ukiwa umevaa jaketi kinyumenyume. Nikamwambia asiwashe laini, achukue kile kifurushi kidogo cha ujumbe cha melini. Kapanda juu kupata mtandao mzuri." Aliinua macho kutoka kwenye sindano zake. "Baba, masikio."

*

Sitaha ya juu kabisa ilikuwa na upepo na viti vitupu. Mwalimu alikuwa amekaa cha mwisho, simu mapajani, miguu pamoja. Hakugeuka.

"Nilimtumia picha," alisema. "Akanijibu kwa sauti. Kaa usikilize."

"Mke wangu—"

"Kaa."

Akakaa. Mwalimu akabonyeza, na sauti ya Mama ikatoka kubwa, maana Mama huamini kwamba simu husikia kwa shida.

"Mwanangu! Nilisema nitangoja uniambie mwenyewe, nimeshindwa, nisamehe. Usibebe kitu. Huyo mume wako akubebee hata kijiko. Nimeshahamisha vitu vyangu kwenye chumba cha dirisha, nimehamia kile kidogo cha nyuma, mtoto anahitaji mwanga. Na mwanangu..." Hapo sauti ilishuka, ikawa ya mtu anayezungumza na mtu. "Yale niliyokwambia mwaka jana, kwamba tumbo lako halina uvumilivu. Mdomo wangu ulinitangulia. Siku zote nakuona unavyonipakulia chakula bila kunitazama, na najua sababu. Nisamehe, mwanangu."

Ikakata. Upepo ulikuwa unapiga turubai mahali fulani.

"Mtoto gani?" Mwalimu aliuliza.

Fundi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akikwama kwenye lile neno. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mtoto aliyevunja kitu.

"Kwa hiyo hukumdanganya," alisema.

"Sikumdanganya. Alisikia vibaya, mimi nikanyamaza—"

"Usimalizie. Tafadhali usimalizie, nisije nikakuchukia." Machozi yalikuwa yanashuka na wala hakuyafuta. "Mwaka mzima nimengoja haya maneno. Unajua? Nimempakulia, nimemfulia, nimemkanda hilo goti, nikijiambia leo atasema, kesho atasema. Leo ameyasema. Na sijui ni ya nani! Alikuwa ananiomba msamaha mimi, au alikuwa anamwomba mtoto?"

"Wewe. Lazima ni wewe."

"Utajuaje? Ukimwambia hakuna mtoto, atayarudisha maneno yake pamoja na vitu vyake. Ndicho ulichonifanyia. Umenipa kitu nilichokililia, halafu nikirudi nyumbani nikakirudishe mlangoni kama kreti tupu."

"Nilitaka upumzike. Wallahi nilitaka ucheke tu."

"Nilicheka," Mwalimu alisema. "Jana nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa nikikumbuka naona aibu, maana wewe ulikuwa umesimama hapo unajua."

Fundi alitaka kupiga magoti, akaona kwamba hata hilo litakuwa la kujionyesha. Akatoa simu yake, akaiwasha, akajiunga na kifurushi kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa pale bila kuangalia bei.

"Nampigia sasa hivi. Utasikia kila neno."

"Weka spika."

Mama alipokea mara moja. "Haloo! Yuko salama? Anakula?"

"Yuko salama, Mama. Mama, kaa kwanza."

Sauti iliyorudi haikuwa ile ya kelele.

"Usiniambie imetoka," Mama alisema. "Mwanangu, usiniambie. Imetoka tena?"

Na hapo, msomaji, Fundi aliuona mlango. Ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Neno moja tu, ndiyo, na yote yangekwisha. Mama angelia, angemhurumia Mwalimu, asingeuliza kitu maisha yake yote, na ule msamaha ungebaki mahali pake. Mdomo wake ulikwishaanza kulitengeneza lile neno. Akainua macho, akakuta mke wake anamtazama, si kwa hasira, bali kwa hofu. Alikuwa ameuona mlango uleule.

"Haikuwapo, Mama," Fundi alisema.

"Nini?"

"Haijawahi kuwapo. Nilisema mke wangu mzito, nikimaanisha amechoka. Wewe ukasikia mimba. Nikaona umefurahi, nikataka tuondoke kwa amani, nikakuacha uamini. Yeye hakujua kitu. Amejua leo, kwa ujumbe wako. Kosa ni langu peke yangu."

Upande wa pili ilisikika redio ya jikoni, mtu anasoma matangazo. Kisha ikazimwa.

"Kwa hiyo nirudishe vitu vyangu?" Mama aliuliza.

Aliuliza taratibu tu, kama anayeuliza kama mvua itanyesha. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa ameandaa samahani ya kila aina ya kelele. Kwa swali lile hakuwa na kitu.

Mwalimu akaichukua simu mkononi mwake.

"Mama."

"Mwanangu."

"Usiinue chochote peke yako, goti lako hilo. Acha vitu vilipo mpaka nirudi." Akavuta pumzi. "Yale ya mwaka jana, Mama. Uliyasema kwa ajili ya mtoto? Niambie kweli tu. Sitakasirika."

Mwalimu alikuwa amefumba macho, na meli ikiyumba vile, hakuyafumbua.

"Niliyemkosea ni wewe," Mama alisema. "Mtoto ningemkosea nini? Mwaka mzima natafuta pa kuingilia, mwanangu, sipaoni. Mtu mzima akishakosea namna ile anaona haya hata kugonga. Juzi nikaona pamefunguka, leo nikapita. Kama hapakuwa mlango, basi nimeshaingia. Unanitoa?"

"Sikutoi," Mwalimu alisema, na sasa alikuwa analia kwa sauti. "Sikutoi, Mama."

Wakalia pamoja kidogo, mmoja jikoni na mmoja juu ya bahari, wanalilia kitu ambacho hakikuwapo na kile ambacho mwaka jana kilikuwapo. Fundi alikaa katikati yao hana pa kujificha. Aliyewanyang'anya wote wawili kwa mkupuo mmoja alikuwa yeye, na hata kulia nao aliona hana haki.

"Huyo mume wako yuko hapo?" Mama aliuliza mwishowe.

"Yupo."

"Usimwonee huruma haraka."

"Simwonei, Mama."

Simu ikakatwa. Mwalimu akamrudishia bila kumgusa vidole, akasimama, akaenda ukingoni. Fundi akamfuata, akanyoosha mkono kumshika bega.

"Usinishike."

Akaurudisha mkono.

"Alipouliza kama imetoka," Mwalimu alisema akitazama maji, "ulitaka kusema ndiyo."

Fundi alifikiria namna ya kulilainisha. Akaacha.

"Nilitaka."

"Nilikuona. Ungesema ndiyo, ningeshuka kesho na mkoba wangu na usingenipata tena. Ungemuua mtoto wangu mara ya pili kwa ajili ya kujificha wewe."

"Najua."

"Hujui. Labda siku moja utajua."

Sauti ya kipaza ikatangaza kwamba chakula cha mchana kiko tayari. Hakuna aliyejongea. Fundi alitafuta neno, akaona samahani ni ndogo na nakupenda ni ufidhuli.

"Niondoke?" aliuliza.

Mwalimu alifuta uso kwa kanga yake, upande mmoja, halafu mwingine.

"Nimesema usinishike," alijibu. "Sijasema uondoke."

Fundi akashika vyuma vya ukingo kwa mikono yote miwili, mahali ambapo mke wake angeweza kuiona, akabaki.